Udzungwa kwa siku moja: lipieni mwongozaji wenu peke yenu

Mkoba Mwepesi (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Niliahidi kwamba nikirudi Hifadhi ya Milima ya Udzungwa nitaleta mrejesho kamili. Nimerudi Jumapili, magoti bado yanalalamika, naandika kabla sijasahau.

Nimekwenda mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa miaka mitatu iliyopita, tukiwa watu ishirini na sita kwenye kosta, safari ya kikundi iliyoandaliwa na kampuni moja ambayo siitaji. Kwa kusubiriana njiani tulifika maporomoko ya Sanje saa saba mchana. Mwongozaji mmoja mbele, mwingine nyuma, spika ya muziki katikati. Tukapiga picha kwenye maporomoko, tukala wali wetu wa kwenye vikopo, tukashuka. Mnyama niliyemwona siku nzima ni kima mmoja karibu na geti akila ganda la ndizi. Nikarudi mjini nikawa namwambia kila mtu kwamba Udzungwa ni maji tu, wanyama hakuna. Niliwapotosha watu, na hilo linaniuma, ndiyo maana uzi huu utakuwa mrefu.

Safari hii tulikuwa wawili, mimi na mke wangu. Tulipanda treni ya SGR Dar hadi Morogoro, chini ya saa mbili, bodaboda hadi Msamvu, kisha basi la Ifakara. Kaeni dirishani, maana barabara inakatiza katikati ya Hifadhi ya Mikumi: tuliona twiga, swala na tembo watatu. Mikumi mjini basi linaacha njia ya Iringa na kukata kushoto. Ukishavuka Ruaha Mkuu pale Kidatu, miwa inajaa mkono wa kushoto, na mkono wa kulia unasimama ukuta wa kijani hadi mawinguni. Ndio Udzungwa wenyewe. Tukalala Mang'ula.

Jioni ileile nilikwenda ofisi za hifadhi kuomba mwongozaji wa siku nzima, wa kwetu sisi wawili tu. Wakaniuliza mnataka kuona nini. Swali hilo mara ya kwanza hakuna aliyeniuliza. Nikasema asubuhi wanyama, mchana maporomoko. Malipo yote ni kwa namba ya malipo, si fedha mkononi. Viwango hubadilika, kwa hiyo ulizeni kabla ya kusafiri. Ila raia wa Afrika Mashariki hulipa kidogo sana kuliko mgeni wa nje.

Tulianza saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Hii hifadhi, kwa wasioijua, ina kilomita za mraba 1,990 na ilianzishwa mwaka 1992, na ndani yake huzunguki na gari. Ni miguu tu. Mwongozaji wetu, kijana mzaliwa wa hapohapo, alitembea kama mtu anayetafuta sindano aliyoidondosha. Saa nzima ya kwanza sidhani kama tulimaliza hata nusu kilomita. Akasimama kwenye kinyesi cha tembo, akachuchumaa, akakivunja kwa kijiti na kutuonyesha kokwa zilizomo. "Hizi za mbula," akasema. "Amekula juu kule, anakuja kuzipanda huku." Mke wangu, ambaye alikuwa amekuja kwa kunifuata mimi tu, akatoa daftari akaanza kuandika.

Mbega wekundu tuliwaona kwanza. Kundi kubwa lilikuwa juu ya mti, kofia nyekundu kichwani, mgongo mweusi, tumbo jeupe, mikia inaning'inia kama kamba za kengele. Hawa wanapatikana katika milima hii na misitu michache ya jirani yake, basi. Tukataka kuendelea. Mwongozaji akasema tukae. Tukakaa juu ya mizizi dakika ishirini. Baada ya kama dakika kumi walituzoea: mama mmoja akashuka hadi tawi la chini, mtoto kambeba tumboni, akawa anachuma majani machanga na kuacha yaliyokomaa, moja moja, kwa uangalifu wa mtu anayechagua mboga sokoni.

Kisha ukatoka mlio bondeni. Kama mtu anaita "uuuup!", kimya kidogo, halafu gurugurugu ya haraka kama bata mzinga. Kijana akatabasamu: mangabei wa Sanje, aina ya nyani. Hapa kuna kundi lililozoeshwa watu na watafiti, na yeye aliwasiliana na wenzake kwa redio kujua wako wapi. Tulishuka taratibu, na nikamwona dume ameketi chini, hatua kama kumi kutoka nilipokuwa. Manyoya ya kijivu, kifua cha rangi ya chungwa iliyofifia. Alikuwa anapekua majani makavu kwa mikono miwili kama mama anayechambua mchele kwenye ungo. Akaokota kokwa, akaigeuza, akaisukuma nyuma kwenye magego, na tukasikia *ka!* Ikapasuka. Nilisikia mfupa wa taya ukifanya kazi. Akatema ganda, akaendelea kupekua.

Mnyama huyu sayansi haikumjua hadi mwaka 1979. Watafiti Katherine Homewood na Alan Rodgers walikuwa humu kwa ajili ya mbega wekundu, wakasikia mlio wasioutambua. Mlio uleule niliousikia mimi. Na duniani kote anaishi katika misitu miwili tu ya milima hii, huu wa Mwanihana na ule wa kusini kwenye ukingo wa Uzungwa. Mara ya kwanza nilipita karibu naye nikiwa na spika.

Mchana tulichukua bajaji hadi kijiji cha Sanje, kama kilomita kumi kurudi upande wa Kidatu. Kupanda na kushuka ni kama saa nne kwa mwendo wa kawaida. Maporomoko yana urefu wa mita 170, yanashuka kwa ngazi. Juu kabisa unasimama kwenye mwamba na kuona bonde lote la Kilombero, miwa, mto, hadi kule kunakoishia macho. Ngazi ya katikati ina kidimbwi, maji baridi ya kukata pumzi, nilioga. Tulikuwa peke yetu. Kijana alikaa kando akituachia nafasi, na nilipomuuliza maji haya yanakwenda wapi akanyoosha kidole kwenye miwa kule chini, halafu kwenye mabati ya nyumba: "Pale kwetu."

Nawasilisha. Maswali karibuni.

Mama Wawili

Asante sana kwa mrejesho. Nina watoto wa miaka 8 na 11. Sanje wataiweza? Na mama yangu ana miaka 63, anatembea lakini magoti si mazuri.

Mkoba Mwepesi

Dada, wa miaka 11 ataiweza, wa 8 inategemea na mazoea. Sanje ina mahali pa kupanda kwa kushika mizizi. Kwa mama usijaribu. Ila kuna njia ya Prince Bernhard, inaanzia palepale makao makuu Mang'ula, ni fupi, na poromoko lake ni dogo zuri. Na kuna Sonjo, inachukua kama saa mbili. Mbega wekundu mara nyingi huwa karibu na ofisi, mama anaweza kuwaona bila kupanda mlima. Uzuri wa mwongozaji wako mwenyewe ni huo: mnagawana, nusu wanabaki na bibi, nusu wanapanda, wala hakuna anayewaharakisha.

Kalamu ya Mkaa

Mkuu, uzi mzuri lakini hapa naomba kutofautiana. Hizi safari za vikundi unazozisema vibaya ndizo zilizotufikisha sisi watu wa kawaida hifadhini. Mimi ni mwalimu. Bila kosta ya kuchangishana nisingeiona Udzungwa maisha yangu yote. Tukianza kuambiana kwamba bila mwongozaji binafsi hujaona kitu, tunarudisha utalii kuwa wa wenye nazo.

Mkoba Mwepesi

Mwalimu, umesema kweli na nimeipokea. Ila nipige hesabu na wewe. Kilichokula hela yangu ni nauli na kulala. Mwongozaji wa siku, hata tukigawana watu wawili tu, alikuwa sehemu ndogo kabisa ya safari. Hata kosta ile ya watu ishirini na sita ingeweza kugawanywa getini: makundi manne, waongozaji wanne, kila kundi linaondoka kwa nusu saa yake na kwa njia yake. Gari moja, gharama ya barabara ileile. Tatizo ni kwamba mwandaaji alichukua waongozaji wawili ili abaki na chenji. Hapo ndipo pa kumbana anayekuuzia safari: muulize kabla hujalipa, waongozaji wangapi, na kila mmoja ana watu wangapi?

Kalamu ya Mkaa

Hapo tumeelewana. Swali hilo nitaliuliza shuleni mwezi wa saba tukiwapeleka wanafunzi.

Niliwahi Kuongoza

Nimepita, nimesoma, nimefurahi. Nimeongoza wageni kwenye misitu ya huku miaka tisa kabla ya kuhamia kazi nyingine, niongeze machache.

Kundi likizidi watu sita, kazi ya mwongozaji inageuka kuwa ya kuchunga watu. Macho yako yako nyuma, unahesabu vichwa, unaogopa mtu asiteleze. Ukiwa na wawili au watatu, macho yanarudi msituni. Mimi ni mtu yuleyule, lakini mgeni wa kwanza atasema sijui kitu na wa pili atasema najua kila jani.

Mwambieni mwongozaji jioni kabla. Usiku ule anauliza wenzake nyani walilala upande gani, mti gani unazaa wiki hii. Wanyama wa msituni wanafuata matunda. Ukimshtukiza saa tatu asubuhi getini, anakupeleka njia iliyozoeleka kwa sababu hana habari mpya.

Mwenye mafua au kikohozi asiende karibu na mangabei. Magonjwa yetu yanawaingia. Ukifukuzwa kwa sababu unapiga chafya usikasirike, huyo mwongozaji anafanya kazi yake.

Kuhusu msimu: Juni hadi Oktoba njia ni kavu. Masika, Machi hadi Mei, msitu ni mzuri ajabu na maporomoko yanaunguruma, lakini mawe ya Sanje ni sabuni tupu. Suruali ndefu, iingizwe ndani ya soksi, kwa ajili ya kupe na siafu. Na nguo za kung'aa ziacheni nyumbani.

Jambo la mwisho, sikilizeni hondohondo. Kabla hujamwona utasikia mabawa, kama mtu anayekatakata hewa na feni kubwa. Wageni wengi wanadhani ni mashine. Nilikuwa nawaambia wafumbe macho kwanza.

Jicho la Tatu

Vipi kipunji? Nilisoma kwamba ni nyani mpya aliyegunduliwa Udzungwa. Kwa siku moja naweza kumwona?

Niliwahi Kuongoza

Hapana, na yeyote atakayekuahidi kipunji kwa safari ya siku moja kutoka Mang'ula anakudanganya. Kwenye safu hii kipunji yuko msitu wa Ndundulu, upande mwingine kabisa wa milima, safari ya siku kadhaa na kibali chake. Wengine wako Rungwe na Livingstone, huko Mbeya na Njombe. Walitangazwa kwa ulimwengu mwaka 2005, na mwaka 2006 wakapewa jenasi yao wenyewe. Ndundulu huohuo ndiko kamera za kutegwa zilikompiga picha sange mwenye uso wa kijivu, aliyetangazwa mwaka 2008. Sange wa kawaida ni kama panya mwenye pua ndefu kama mkonga. Huyu ni mkubwa kuliko sange wote, karibu gramu 700.

Na kwale wa Udzungwa ana kisa chake. Mwaka 1991 watafiti kutoka Denmark walikuwa kambini wanakula, wakaona kwenye sufuria miguu ya ndege wasiyemtambua. Ndivyo alivyojulikana. Wenyeji walimjua kwa ladha zamani.

Mzawa wa Bondeni

Naandika nikiwa Mang'ula. Nafurahi kuona kwetu panasemwa vizuri. Ila mjue na upande wetu.

Zamani tulikuwa tunaruhusiwa kuingia kuokota kuni kavu kwa siku maalumu. Mwaka 2011 ruhusa ile ikaisha. Mama yangu alikuwa anapika kwa kuni za mlima tangu alipoolewa. Tulilalamika sana, sitaficha. Tukapanda miti mashambani, wengine wakajifunza majiko yanayokula kuni kidogo, wengine wakaingia kwenye mkaa na gesi. Haikuwa rahisi na kwa wengine bado si rahisi. Lakini mto wetu haujakauka, na mimi nalima mpunga, najua maana yake.

Tembo nao. Wanashuka usiku kuingia mashambani. Hapa kuna wakulima waliozungushia mashamba uzio wa mizinga ya nyuki: tembo akigusa waya, mizinga inatikisika, nyuki wanatoka, anarudi. Mkulima anapata asali juu. Na kwenye barabara ya Kidatu hadi Ifakara kumejengwa kivuko cha chini kwa ajili ya tembo, wapite chini ya barabara kutoka Udzungwa kuelekea Hifadhi ya Nyerere kwa njia yao ya asili. Mkija, mwombeni mwongozaji awaonyeshe.

Ombi langu kwenu: chakula msibebe kutoka Dar. Kuleni hapa. Wali wa Kilombero mnaununua kwa bei mbaya mjini, hapa umetoka shambani. Na mwongozaji akikufurahisha, mpe chochote mkononi mwake mwenyewe.

Mkoba Mwepesi

Ndugu Mzawa, asante. Nakiri sikuuliza habari za kuni. Nilimuuliza yule kijana maji yanakwenda wapi nikaona nimeuliza vya kutosha. Nikirudi nitamuuliza na hili. Na wali tulikula kwa mama mmoja karibu na stesheni ya TAZARA, na samaki wa maji baridi, na mke wangu mpaka leo anausema.

Mjukuu wa Reli

Umetaja TAZARA umenigusa. Babu yangu alifanya kazi Mang'ula enzi za ujenzi, Wachina walikuwa na kambi kubwa pale na karakana. Alikuwa anasema usiku mlima unalia. Nilidhani ni hadithi za wazee. Nimesoma hapa habari za ule mlio, sasa najiuliza kama ni hao.

Niliwahi Kuongoza

Usiku hapana, mangabei wanalala. Babu atakuwa alimsikia pembere. Mnyama mdogo kama sungura, anakaa mitini, sauti yake usiku ni kama mlango mkubwa unaofunguliwa polepole halafu mtu anapiga ukelele. Ukilala Mang'ula utamsikia.

Mjukuu wa Reli

Mlango! Ndivyo hasa alivyokuwa anasema, "mlima unafungua mlango". Mungu amrehemu. Nitakwenda.

Mtaita Halisi

Salamu kutoka Wundanyi, Kenya. Milima yenu na yetu ni ndugu moja. Tao la Mashariki linaanzia huku kwetu Taita, linapita Upare, Usambara, Nguru, Uluguru, na kuishia hapo Udzungwa. Ni mvua ileile ya Bahari ya Hindi inayotulisha sote. Tofauti ni kwamba kwetu msitu wa asili umebaki vipande vidogo vidogo. Ngangao ukitembea asubuhi unaumaliza. Ndani yake kuna ndege aina ya kurumbiza wa Taita, hayuko nje ya milima ya Taita, na wamebaki wachache sana. Nyinyi mna msitu unaoshuka bila kukatika kutoka mita 2,000 na zaidi hadi mita 250 kule bondeni. Nikiusoma uzi huu naona wivu na furaha kwa pamoja. Utunzeni, jamani.

Jicho la Tatu

Na wale vyura wa Kihansi waliopelekwa Marekani, si wa milima hii?

Niliwahi Kuongoza

Ndio, kusini mwa safu hii, korongo la Kihansi. Waliishi kwenye manyunyu ya maporomoko, eneo dogo mno. Maji yalipochukuliwa kwa ajili ya umeme, manyunyu yakakata. Mwaka 2000 baadhi wakapelekwa Bronx, New York. Mwaka 2009 ikatangazwa wametoweka porini, mwaka 2012 wa kwanza wakarudishwa, na korongoni kumewekwa mabomba ya kunyunyiza maji. Chura mwenyewe anazaa watoto hai, hatagi, na akikaa kwenye ukucha wa dole gumba anaenea. Umeme tunauhitaji, mimi mwenyewe nautumia sasa hivi. Ila ukisimama Sanje na manyunyu yakakupiga usoni, mfikirie huyo chura.

Mama Wawili (wiki tano baadaye)

Nimerudi na mrejesho, nisiwe wa kuuliza tu. Tumekwenda mimi, watoto na mama. Nilipiga simu mapema, nikaomba mwongozaji wa familia. Tulipewa dada, mcheshi, anajua kusema na watoto. Sonjo tumepanda wote watatu na mtoto wa miaka 8 hakulia hata mara moja. Mama alibaki chini na mbega wake saa mbili nzima, nilipomkuta alikuwa ameshawapa majina.

Mangabei hatukuwaona. Tuliwasikia mara mbili, na dada yule akatupeleka mahali walipokuwa wamekula asubuhi. Chini kulikuwa na maganda ya kokwa yamepasuliwa, mengine bado yana unyevu wa mate. Mwanangu alitaka kuchukua moja, akaambiwa cha msituni kinabaki msituni, akalirudisha palepale alipolikuta, akalifunika na jani. Sasa nyumbani kila akiona korosho anaiweka kwenye magego.

Mkoba Mwepesi

Mama Wawili, umenifurahisha mno. Yale maganda mliyaona upande wa mto au juu kwenye kigongo? Narudi Septemba, nataka nimwambie kijana aanzie hapo.

Mama Wawili

Upande wa mto, kabla ya kuvuka mawe ya pili. Kuna mti mkubwa umeanguka, ukishaupita tazama chini mkono wa kulia.